Geti Lisilo na Reli: Uamuzi Uko Pembeni mwa Mlango

Iringa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mjini mvua hiyo huwa kati ya milimita 600 na 700 kwa mwaka, kiasi kidogo mno mbele ya Tukuyu ambako hupita milimita 2,000, lakini inatosha kuizika reli ya geti. Maji yanayoteremka kwenye barabara za vumbi hubeba udongo mwekundu na changarawe hadi mlangoni mwa ua. Yakikauka, kile chuma chembamba ambacho magurudumu ya geti hupita juu yake kinakuwa kimefunikwa na tope lililoganda kama tofali. Juni hadi Oktoba tope hutoweka, vumbi na upepo vikashika zamu. Anayefungua geti la namna hiyo hutembea na kijiti cha kuchokolea reli, na siku ya haraka huishia kulisukuma kwa bega.

Tosamaganga, kilomita zisizofika 20 kutoka Iringa mjini, ni mahali pazuri pa kulipima tatizo hili. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifungua misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia. Urithi wake ni kijiji chenye taasisi nyingi kuliko ukubwa wake: kanisa, hospitali, shule ya sekondari, nyumba za watawa. Penye taasisi pana ua, na penye ua pana lango la magari. Ardhi ni ya miinuko, miamba ya matale imechomoza huku na huku, na njia nyingi za kuingilia hazina lami. Ni mazingira ambayo reli ya chini huyavumilia kwa shida.

Katika miji mikubwa limezoeleka geti lingine la kusukuma ambalo halina reli wala gurudumu linalogusa barabara. Linapofunguka na kufunga, linaning'inia hewani na kukatiza mlango wote bila kushikwa na chochote upande wa mbele. Je, linafaa nyanda hizi? Kwa maoni yangu linafaa sana, ila sharti lake watu huliuliza mwisho wakati lilipaswa kuulizwa kwanza: pembeni mwa mlango una mita ngapi za ukuta ulionyooka? Geti hili linalipiwa kwa nafasi na kwa zege. Chuma na mota, ambavyo ndivyo mteja huvijadili na fundi kutwa nzima, vinakuja baadaye.

Njia nne za kufunga mlango wa gari

Njia ya kwanza ni geti la bawaba, la mbawa mbili zinazofunguka kama mlango wa nyumba. Ni rahisi kutengeneza, na kila fundi wa kuchomelea kuanzia Ipogolo ya Iringa hadi Mwanjelwa ya Mbeya analijua. Udhaifu wake ni mteremko na nafasi ya ndani. Kama njia inapanda kuelekea nyumbani, kona ya chini ya geti hugota ardhini kabla halijafunguka nusu. Likifungukia nje, linaingilia barabara ya watu. Gari lililoegeshwa karibu na mlango nalo ni kikwazo. Upepo ukilishika likiwa wazi, uzito wote huangukia bawaba na nguzo, ndiyo maana nguzo nyingi za mageti hayo zina ufa karibu na bawaba ya juu.

Njia ya pili ni geti la kusukuma juu ya reli. Halihitaji nafasi ya ndani, na uzito wake wote unabebwa na ardhi, hivyo fremu haihitaji kuwa na nguvu nyingi. Kwenye sakafu ya zege iliyo tambarare na inayofagiliwa, hakuna geti la bei nafuu linalolizidi. Kwenye njia ya udongo, reli huwa mfereji wa kukusanya uchafu. Lori zito nalo huikanyaga mara kwa mara, zege chini yake likavunjika kingo, na reli ikipinda milimita chache tu magurudumu huanza kuruka.

Njia ya tatu ni kulining'iniza geti kwenye reli ya juu, kama milango ya maghala. Ardhi inabaki huru kabisa, ila boriti iliyokatiza juu ya mlango inaweka kikomo cha urefu wa gari. Kwa nyumba ya mtu mwenye gari dogo si neno. Kwa shule inayopokea malori ya mahindi na kuni, boriti hiyo itagongwa siku moja.

Njia ya nne ndiyo mada yetu. Chini ya geti, kwa urefu wake wote, kuna chaneli ya chuma iliyofumbata upande wa chini na kuacha upenyo mwembamba. Ndani ya chaneli hiyo mnaingia vitoroli viwili vya magurudumu, vilivyofungwa juu ya msingi wa zege ndani ya ua, pembeni mwa mlango. Vitoroli havitembei, geti ndilo linalotembea juu yake. Chaneli inavifumbata pande zote, hivyo kila kitoroli kinaweza kulibeba geti kwa chini na pia kulizuia lisinyanyuke.

Mkia ndio mtaji

Wafugaji wengi hufunga zizi kwa miti mirefu inayopitishwa kati ya nguzo pacha, ukiwekwa mti mmoja juu ya mwingine. Aliyewahi kuuvuta mti wa namna hiyo anakumbuka kwamba ncha ya mbele ikishaachia nguzo za ng'ambo, mti wote hutaka kuinamia mbele, naye hulazimika kuukandamiza kwa nyuma ili usichomeke ardhini. Akiwa ameushika mbali na nguzo, mkono mmoja unatosha. Akiwa ameushika karibu, mikono miwili haitoshi.

Geti lisilo na reli ni mti huo. Nguzo pacha ni kitoroli cha mbele, na mkono wa mvutaji ni kitoroli cha nyuma. Kwa hiyo geti lazima liwe refu kuliko mlango linaoufunga. Sehemu ya ziada, inayobaki nyuma ya ukuta hata geti likiwa limefungwa, mafundi huiita mkia. Desturi ya kazi hii ni kwamba mkia usipungue theluthi moja ya upana wa mlango, na nusu yake ni bora zaidi. Mlango wa mita 4 unataka geti la mita 6.

Tuchukue mfano huo na kuuhesabu. Geti lina urefu wa mita 6 na kila mita ina kilo 50, jumla kilo 300. Kitoroli cha mbele kimewekwa sentimita 15 nyuma ya ukingo wa mlango, na cha nyuma sentimita 15 kabla ya mwisho wa mkia, hivyo kati yake kuna mita 1.7. Geti likikaribia kufunga, kabla ncha ya mbele haijapokelewa ng'ambo, kitoroli cha mbele hubeba kilo 500 hivi. Hizo ni nyingi kuliko uzito wa geti lenyewe, kwa sababu kitoroli cha nyuma nacho kinalivuta geti chini kwa kilo 200.

Sasa mwenye nyumba anapunguza mkia hadi mita 1.2 ili kuokoa chuma. Geti linakuwa jepesi, kilo 260 tu, lakini umbali kati ya vitoroli umebaki sentimita 90. Mzigo wa kitoroli cha mbele unapanda hadi kilo 700, na wa nyuma hadi kilo 450 za kunyanyua. Aliyepunguza kilo 40 za chuma ameongeza kilo 200 kwenye beringi. Hapa ndipo mageti mengi ya aina hii huharibikia, wakati mkia bado ni mstari tu kwenye karatasi.

Ufupi wa mkia huonekana pia kwenye ncha. Kila chaneli ina nafasi ndogo ya kuchezea juu ya magurudumu. Nafasi hiyo ikiwa milimita 3, ncha ya geti lenye vitoroli vilivyoachana mita 1.7 itashuka milimita 7 hivi. Vikiwa vimeachana sentimita 90, itashuka karibu milimita 14. Chuma kikishaanza kulika, tofauti hiyo ndiyo inayofanya geti moja liingie taratibu kwenye kipokeo chake cha ng'ambo na lingine likigonge kila jioni.

Kuna jambo jingine ambalo michoro mingi ya mafundi huliruka. Geti likiwa wazi kabisa, mzigo hugeuka. Sehemu kubwa ya geti sasa imepita nyuma ya vitoroli vyote viwili, kwa hiyo kitoroli cha nyuma ndicho kinachobeba kilo 500 na cha mbele ndicho kinachovutwa juu. Anayenunua kitoroli imara cha mbele na kuweka cha nyuma cha kubahatisha amehesabu nusu ya safari. Vyote viwili viwe sawa, na mwishoni mwa safari ya kufungua pawekwe kigurudumu kidogo cha kuupokea mkia.

Vitoroli na chaneli

Kitoroli kizuri kina magurudumu kadhaa, si moja, na katikati yake kina mhimili unaokiruhusu kujiinamisha kidogo kufuata chaneli. Bila mhimili huo, gurudumu moja hubeba kila kitu huku mengine yakizunguka bure. Beringi ziwe za kufungwa, zisizopitisha vumbi, maana vumbi laini la Juni hadi Oktoba likichanganyika na grisi hugeuka msasa. Chaneli yenyewe ina faida hapa: uwazi wake umeelekea chini, kwa hiyo uchafu hudondoka wenyewe badala ya kutuama kama kwenye reli ya ardhini.

Baadhi ya mafundi hutengeneza chaneli wenyewe kwa kuunganisha vyuma viwili vya pembe, na kitoroli kwa beringi zilizotolewa kwenye magari. Sioni ubaya kwa geti jepesi la mlango wa mita 3. Kwa geti la kilo 300, beringi ya chuma kigumu inayokanyaga bati la milimita 3 kwa mzigo wa nusu tani itaacha kifereji ndani ya chaneli, na kifereji hakina dawa zaidi ya kukata na kuanza upya. Chaneli na vitoroli vya kiwandani ndicho kifaa kimoja katika kazi hii ambacho ningemshauri mtu akinunue tayari. Vingine vyote fundi wa Iringa anaviweza.

Msingi: kazi isiyoonekana

Kwa kuwa kitoroli kimoja kinakandamiza na kingine kinanyanyua, misingi miwili midogo iliyotengana ni kosa. Mmoja utadidimia na mwingine utang'oka, na geti litaanza kuinama mbele. Panatakiwa msingi mmoja mrefu unaovibeba vitoroli vyote, wenye nondo juu na chini, na bolti zilizosimikwa wakati zege bado bichi.

Kwa geti letu la mfano, msingi wa urefu wa mita 2.2, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 60 una zege la mita za ujazo 0.66. Zege la mita moja ya ujazo lina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo msingi huo unazidi tani moja na nusu. Kuelekea mbele hauwezi kupinduliwa na geti la kilo 300, hata mtu mzima akijining'iniza kwenye ncha. Udhaifu wake uko kwenye upana. Upepo unaosukuma geti kwa ubavu unaupata msingi ukiwa na sentimita 50 tu za kusimamia. Nguzo za kuongoza geti kwa juu zisimamishwe basi kwenye zege lilelile, au msingi upanuliwe ubavuni mahali nguzo zinapokaa.

Udongo ndio unaotofautisha Iringa na Mbeya. Tosamaganga na vitongoji vyake, mchimbaji anaweza kukutana na mwamba kabla ya kufika kina kilichopangwa. Mwamba mzima usiovunjika ni baraka: unasafishwa, unatobolewa, nondo zinapandwa ndani yake kwa saruji. Jiwe lililolala tu ndani ya udongo ni mtego, kwa sababu nusu ya msingi itakaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo unaolainika Januari. Hilo ling'olewe. Kwenye udongo wa majivu ya volkano wa upande wa Mbeya na Rungwe, kuchimba ni rahisi lakini mvua ni nyingi na ardhi ni laini. Huko msingi upanuliwe, na maji yaelekezwe mbali kwa mfereji kabla hata zege halijamwagwa.

Baada ya kumwaga, subira. Zege huchukua siku 28 kufikia nguvu inayohesabiwa kwenye michoro. Geti linaweza kuchomelewa karakana wakati zege likikomaa, na haraka ya kulipandisha siku ya nne haina faida kwa mtu yeyote.

Fremu na upepo

Geti la reli linaweza kuwa fremu ya kawaida yenye bati. Geti linaloning'inia ni daraja, na daraja lina mishipa yake. Bila chuma cha mshazari, fremu ya mstatili hulegea kwenye kona hata kama uchomeleaji ni safi. Mshazari wenye kazi ni ule unaoanzia juu, usawa wa kitoroli cha mbele, na kuteremka hadi kona ya chini ya ncha. Huo unavutwa, haukandamizwi, kwa hiyo flati bapa au nondo yenye skrubu ya kukazia inatosha. Ukielekezwa kinyume, chuma hicho kitakandamizwa na kupinda, na itabidi kiwe kinene.

Mkia nao hauna haja ya kuvishwa bati. Hakuna anayeuona kutoka nje, hauzuii mwizi, na bati lake linaongeza upepo bure. Mafundi wengi huukata kuwa pembetatu, ukishuka kutoka juu hadi kwenye chaneli.

Bati zito ni jambo la kufikiria mara mbili. Bati la chuma la milimita 1.5 lina karibu kilo 12 kwa mita ya mraba. Mlango wa upana wa mita 4 na kimo cha mita 2 unapata kilo 94 za bati pekee kabla ya fremu. Mbaya zaidi ni upepo. Upepo wa mita 15 kwa sekunde unakandamiza bati hilo la mita 8 za mraba kwa nguvu inayozidi kilo 110. Ukifika mita 25 kwa sekunde, nguvu hiyo inapita kilo 300. Geti likiwa limefungwa, ncha inashikwa na kipokeo na mzigo unagawanyika. Likiwa katikati ya safari, nguvu yote inaangukia rola za nguzo za kuongoza na msingi. Kwa mahali palipo wazi juu ya kilima, nafasi kati ya fito inayopitisha hewa ni nafuu kwa kila kiungo cha geti. Anayetaka faragha anaweza kuvisha bati nusu ya chini tu.

Uchomeleaji wenyewe unapindisha chuma. Joto la upande mmoja huvuta boriti upande huo, na boriti ya mita 6 inaweza kujikunja sentimita nzima. Fundi mzoefu hushika kwanza kwa nukta nukta fremu yote, hubadilisha pande, hupima kwa uzi, ndipo huziba. Wengine huinua ncha kwa makusudi sentimita moja au mbili juu ya usawa, wakijua uzito utaishusha. Ni busara, mradi chaneli iliyo juu ya vitoroli ibaki imenyooka.

Mteremko na uwazi wa chini

Geti hili husafiri kwa usawa kamili. Njia ikiteremka kutoka nje kwenda ndani au kinyume chake, halijali kabisa. Hiyo ni faida yake kubwa juu ya geti la bawaba kwenye viwanja vya miinuko. Njia ikiteremka sambamba na ukuta, yaani upande mmoja wa mlango uko juu kuliko mwingine, chaneli lazima ipite juu ya sehemu iliyoinuka kuliko zote, na upande wa chini kutabaki uwazi mkubwa.

Dawa ni kulifungulia geti upande wa chini na kuongeza sketi ya bati kwenye uso wa nje, iliyokatwa kufuata mteremko na kupita nje ya vitoroli. Likienda upande huo, ardhi inazidi kuikimbia sketi. Likifunguliwa kuelekea upande wa juu, sketi itachimba ardhi. Mara nyingine tofauti hii peke yake ndiyo inayoamua mkia ukae kushoto au kulia.

Usawa wenyewe upimwe kwa bomba la maji, kwani pima maji fupi la mkononi linaweza kudanganya kwa urefu huo. Magurudumu mazuri hayana ukinzani mwingi: geti la kilo 300 linasukumwa na mkono mmoja wa mtoto. Wepesi huo una upande wake wa hatari. Vitoroli vikiwa vimeinama, geti lisilofungwa linaweza kuanza safari lenyewe.

Wezi, watoto na geti linaloanguka

Kwa usalama dhidi ya wizi, geti lisilo na reli lina nguvu ambayo wauzaji hawaitaji vya kutosha. Geti la reli limekaa tu juu ya magurudumu, na mtu mwenye mtaimbo anaweza kulinyanyua likaacha reli. La vitoroli limefumbatwa na chaneli, na kulinyanyua ni kuung'oa msingi. Udhaifu wake ni uwazi wa chini, ambao usizidi sentimita 8 hivi, na ncha ya mbele, ambayo bila kipokeo imara inaweza kusukumwa ubavuni kwa wenzo. Kufuli likae kwenye kipokeo, na bolti za vitoroli zikae ndani ya ua zikiwa zimefunikwa.

Hatari nyingine haitokani na wezi. Geti linalosukumwa lina nguvu ya kubana na kukata, na ua wa shule au hospitali una watoto. Kiwango cha Marekani cha ASTM F2200, kinachohusu ujenzi wa mageti ya magari yanayoendeshwa kwa mota, kinaagiza kwamba kwenye geti la kutelezea, kuanzia chini hadi kimo cha mita 1.83, pasiwe na uwazi unaopitisha mpira wa kipenyo cha milimita 57. Sababu ni mkono wa mtoto uliopenya kati ya fito wakati fito hizo zinapita kwenye nguzo. Kinaagiza pia geti lisianguke hata likiachana na vishikizo vyake, na lisitembee lenyewe mota ikitenganishwa nalo. Ulaya ina kiwango chake, EN 12453. Kwa fundi wa Iringa, masharti hayo hayahitaji maabara: wavu mgumu juu ya fito za chini, nguzo za kuongoza zenye kimo cha kutosha, na kizuizi cha chuma kila mwisho wa safari ili geti lisipite vitoroli vyake likaanguka. Kizuizi hicho ni kipande kidogo cha chuma. Kisipowekwa, kinachoanguka ni kilo 300.

Eneo ambalo mkia husafiria nalo lihesabiwe kuwa la hatari. Ni kawaida kuona benchi la mlinzi au pikipiki imeegeshwa pale. Mkia hauna macho, na geti la mota halisubiri.

Mota, umeme na radi

Italia, walikotoka wamisionari wa Consolata, ni moja ya nchi zilizoanzisha viwanda vya mota za mageti. FAAC ya Bologna ilianzishwa mwaka 1965. Afrika Kusini nayo ina Centurion, jina ambalo mafundi wa kanda hii wanalifahamu. Kwa kuwa geti hili ni jepesi kusukuma, mota haina haja ya kuwa kubwa. Iliyo bora kwetu ni ya volti 24 inayotegemea batri, umeme wa TANESCO ukibaki kazi ya kuchaji tu, au paneli ya sola ifanye kazi hiyo. Umeme ukikatika usiku, geti linaendelea.

Maadui wa mota hapa ni wawili. Radi za msimu wa mvua huunguza bodi za umeme, hivyo waya wa ardhi na kizuia radi si anasa. Sisimizi na mijusi nao hupenda kisanduku chenye joto, kwa hiyo matundu ya waya yazibwe. Ufunguo wa kuachia mota, ili geti lisukumwe kwa mkono, ujulikane na watu wasiopungua wawili. Gari la wagonjwa halimsubiri mlinzi aliyeenda nyumbani na ufunguo mfukoni.

Nani alijenge

Turudi kwenye mita. Kiwanja chenye mita 15 upande wa barabara na mlango wa mita 4 katikati kinabakiza mita 5.5 kila upande. Geti la mita 6 halikai. Mwenye kiwanja hicho ana njia tatu: ausogeze mlango kabla ya kujenga ukuta, alikate geti kuwa mawili yanayokutana katikati, kila moja na msingi wake, au akubali bawaba. Akiwa ameshajenga ukuta na nguzo katikati, amekwisha kuamua bila kujua. Anayepanga mapema na kuuweka mlango pembeni anapata nafasi bila kuongeza gharama yoyote.

Nyumba ya mjini yenye kizingiti cha zege na njia iliyosakafiwa haina sababu ya kuyakimbilia haya yote. Reli iliyojengwa vizuri na kufagiliwa itaitumikia miaka mingi kwa gharama ndogo zaidi. Geti la vitoroli lina maana pale njia ni ya udongo, maji yanakatiza mlango, magari mazito yanapita na ukuta ni mrefu. Maelezo hayo yanafanana sana na taasisi za Tosamaganga na nyingi za Mufindi, Mafinga na Mbeya vijijini. Taasisi ina ukuta mrefu kuliko nyumba, ina lango linalofunguliwa mara nyingi kwa siku, na gharama ya lango lililogoma kwake si usumbufu tu.

Lango la upana wa mita 6 kwa malori, kwa uzito uleule wa kilo 50 kwa mita, linataka geti la mita 9 na mita 9 za ukuta ulionyooka. Kitoroli chake cha mbele kitabeba zaidi ya kilo 700, vitoroli vikiachana mita 2.7. Vifaa vya uzito huo vinapatikana, na mafundi waliopita VETA au wanaofanya kazi katika maeneo ya SIDO wanaweza kuijenga fremu. Kinachokosekana mara nyingi ni mchoro mmoja wenye vipimo vinne kabla ya kazi kuanza: upana wa mlango, urefu wa mkia, umbali kati ya vitoroli, na ukubwa wa msingi. Mteja asiyeuona mchoro huo asitoe malipo ya awali. Fundi anayeuchora mbele yake, akaanza kwa kuupima ukuta kabla ya kutaja bei ya bomba za chuma, ndiye wa kupewa kazi.